Noti hewa kwenye gitaa moja

Jana, au juzi, siku zimenichanganyikia, nimekesha mpaka karibu alfajiri kwa sababu ya programu inayojigamba kugeuza muziki uliorekodiwa kuwa noti za MIDI, yaani maagizo ya noti ambayo kompyuta huyapiga kwa sauti ya ala yoyote. "Kwa kubofya mara moja tu," wameandika. Mara moja! Mimi nimebofya mpaka kidole kinataka kuota sugu.

Na wala sikuipa kazi ngumu. Gitaa moja tupu, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, napiga noti moja moja kwa utaratibu. Faili likarudi limejaa noti kama siafu. Pale nilipopiga A ya chini, ile ya hezi 110 (mitikisiko 110 kwa sekunde), yenyewe iliandika hiyo A, ikaandika na A ya juu yake, kisha juu ya hapo ikapachika E ambayo kidole changu hakijaigusa. Noti hewa! Zimo kwenye orodha, kazini hakuna aliyeziona. Nilipolicheza faili kwa sauti ya piano, nilidhani paka anapita juu ya kinanda.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu: "Ndugu mteja, programu yetu haina tatizo. Tafadhali tumia rekodi yenye ubora." Basi, hata salamu hakuna. Yaani mbovu ni mimi na gitaa langu.

Najua kamba haitoi sauti moja. Ile 110 hutembea na 220, na 330, na nyingine juu yake. Sikio linazifunga zote kuwa noti moja, programu inazihesabu kichwa kwa kichwa. Sawa. Lakini kama mimi mpiga gitaa wa chumbani nalijua hilo, wao wanaouza hawalijui? Mbona usikivu wa programu wameuweka juu kabisa tangu mwanzo?

Nikaushusha. Noti hewa zikapungua, zikaondoka na zile nilizopiga kwa upole. Nikaurudisha kidogo. Nikapandisha kiwango cha noti fupi inayokubalika hadi milisekunde 150, faili likawa safi, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe vipande vyote vya haraka vimemezwa! Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125 tu. Nikaweka 80.

Ndipo, chini kabisa ya mipangilio, mahali ambapo mtu hafiki ila akiwa na hasira, nikakuta kisanduku: sauti moja kwa wakati. Nikatia tiki. Jamani! A ikawa A. Hata pale ninapoivuta kamba, noti ikapanda kwa mkunjo wake badala ya kukatwakatwa ngazi ngazi. Nikaupa wimbo sauti ya filimbi, nikausikiliza mara sita. Isitoshe, ikanifichulia kwamba kuna noti moja huwa naichelewesha kila nikiirudia, na miaka yote nilidhani niko sawa. Kwenye maoni ya wateja nilikuwa nimeshaipa nyota moja. Nikafuta, nikaweka nne. (Anayepiga makodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, asihangaike na kisanduku hicho, kitamwachia noti moja na kutupa zilizobaki.)

Leo nimeifungua tena. Imejisasisha yenyewe, haijaniuliza. Usikivu uko juu kabisa, tiki haipo, ile 80 imefutika, na siafu wamerudi. Nyota mbili! Tena hizo mbili ni za kisanduku, wala si za waliokificha.

Au tatu, kwa sababu ile filimbi bado inanilia kichwani. Namba zangu nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kioo cha kompyuta, na huduma kwa wateja siwaandikii tena.