Miaka miwili natumia PubMed kutoka kituo cha afya cha kijijini: uzoefu wangu

Kliniki yetu ya presha na sukari ni kila Jumanne. Mwaka juzi alikaa mbele yangu mama mmoja wa miaka sitini na kitu, kadi yake ina miezi minne mitupu. Nikapima: 178 kwa 104. Nikamwacha apumzike dakika tano, nikapima tena, ikashuka kidogo tu. Nilipomuuliza habari za dawa akanijibu, "Daktari mwanangu, kichwa kiliacha kuuma, nikaona nizipumzishe."

Hakuwa peke yake. Rejista ilinionyesha walioacha kuja ni wengi, na wengi wao wanatoka vijiji ambavyo nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inauma kuliko bei ya vidonge. Nikabaki na swali moja: mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwafuata nyumbani na mashine ya kupimia, presha inashuka kweli, au tutamchosha bure?

Usiku huo nikaingia PubMed. Kwa asiyeijua, ni kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, bure kwa kila mtu tangu 1997, yenye kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Nasema kumbukumbu kwa makusudi. PubMed inakupa kichwa cha makala, waandishi, jarida na ikisiri (muhtasari mfupi wa makala), kisha inakuelekeza makala yenyewe ilipo. Ikiwa jarida ni la kulipia, unaishia mlangoni.

Nikaandika swali langu lote kama ninavyoongea, kwa Kiingereza, nikachomeka "family medicine", yaani udaktari wa familia, fani yangu, ndani yake. Zikaja makala mbili tatu, hata moja haikugusa nilichouliza. Nikafunga kompyuta nikiamini hakuna aliyewahi kulichunguza jambo hili.

Nilikosea. Kwanza, PubMed huichukua nafasi kati ya neno na neno kama amri ya "na". Ukiandika sentensi ndefu unadai makala yenye maneno yako yote kwa pamoja, na makala ya namna hiyo ni nadra. Hilo ni dogo, unalirekebisha kwa siku moja. Kubwa ni kwamba tafiti zinazotufaa mara nyingi hazijiiti za udaktari wa familia. Huku kwetu anayemwona mgonjwa kwanza ni tabibu, muuguzi au mhudumu wa jamii. Madaktari bingwa wa familia ni wachache na fani bado changa ukanda huu; Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuwafundisha mwaka 2005. Mtafiti aliyefanya kazi kwenye zahanati anaandika "dispensary", "rural health", "community health worker", na hana sababu ya kutaja jina la fani yetu. Ukitafuta kwa jina la fani unapata hasa kazi za nchi ambazo fani hiyo ina idara, vyama na majarida yake. Za hapa nyumbani zinakupita.

Kilichoniokoa ni MeSH, yaani orodha ya lebo za mada ambazo maktaba hiyo huzibandika kwenye makala. Mwandishi aseme "high blood pressure", mwingine aseme "raised BP", lebo ni moja: "Hypertension". Lebo zimepangwa kama ukoo, na ukichagua ya juu unapata na watoto wake wote. Ile ninayoipenda kupita zote ni "Africa South of the Sahara": chini yake wamo Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wote, huna haja ya kuandika nchi mojamoja.

Siku hizi natafuta hivi. Mabano ya kwanza yanabeba ugonjwa. Ya pili yanabeba mahali pa huduma kwa majina yake yote, yakiunganishwa na OR ("au"): "Primary Health Care", "Family Practice", "General Practice", "Community Health Workers", "Rural Health Services". Ya tatu, eneo. Kisha mabano yote matatu naunganisha kwa AND ("na"). Kila lebo naiongezea pia neno la kawaida litafutwe kwenye kichwa na ikisiri, kwa sababu kuna makala ambazo hazijawahi kubandikwa lebo. Nikimaliza nafungua ukurasa wa utafutaji wa kina, ambako PubMed inaonyesha imeyatafsiri vipi maneno yangu. Ukikosa cha maana, anzia hapo kukagua.

Nilipolitoa lile sharti la eneo ndipo nikakutana na utafiti wa COBRA-BPS, uliochapishwa 2020. Watu 2,645 wenye presha, vijiji vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, kundi moja likitembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii walioajiriwa na serikali. Baada ya miezi 24, namba ya juu ya kipimo chao cha presha ilishuka kwa wastani wa milimita 5.2 za zebaki zaidi ya kundi lililobaki na huduma za kawaida. Swali langu lilikuwa limejibiwa tayari, kwa watu wanaoishi mbali na hospitali kama wa kwetu, na kichwa cha makala hakina neno la familia popote.

Makala kamili niliipata kupitia Hinari, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kulipia, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Taasisi za Tanzania zinaingia bure. Ila nywila hupewa taasisi, siyo mtu, na kwenye kituo nilichokuwa kabla ya hapa tulikuwa tumesajiliwa bila yeyote kujua nywila iko kwa nani. Miezi mingi tulisoma ikisiri tu na kufanya maamuzi ya wagonjwa juu ya ikisiri hizo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Muulize mkutubi au mfawidhi wako wiki hii.

Kama Hinari huna, weka kichujio cha makala kamili za bure. Pitia pia jarida la African Journal of Primary Health Care & Family Medicine, ambalo liko wazi kwa wote, na tovuti ya AJOL (African Journals Online) kwa majarida ya Afrika ambayo hayamo PubMed. Google Scholar naitumia kwa tasnifu za vyuo, basi; haina lebo, na makala kongwe zilizonukuliwa sana hukaa juu wakati mimi nataka za karibuni.

Lawama yangu kwa PubMed ni lugha. Bila Kiingereza huendi popote, na muuguzi wangu mwenye miaka ishirini kazini anabaki nje ya mazungumzo yanayomhusu kuliko yanavyonihusu mimi. Kwa hiyo nimeuhifadhi utafutaji wangu kwenye akaunti, makala mpya zinakuja kwa barua pepe kila wiki, na Jumanne kabla ya wagonjwa kuingia namsomea moja kwa Kiswahili. Ile ya COBRA-BPS aliisikiliza hadi mwisho, akauliza wale wahudumu walilipwa nauli na nani. Nikarudi kwenye makala kutafuta jibu.