Mchakamchaka wa Shule ya Bweni Mkoani Njombe
Kwa wazazi wanaotafuta shule ya kidato cha tano, naitathmini programu ya mazoezi ya shule niliyosoma mkoani Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai huuma hadi mifupani. Kengele ilipogongwa saa kumi na moja alfajiri, mwalimu wa michezo, ambaye daima alikimbia pamoja nasi, alituongoza kupandisha kilima huku kiranja akianzisha nyimbo nasi tukiitikia tukihema. Ninausifu sana mpangilio wake: wanafunzi wapya walianza na masafa mafupi, zikafuata pushapu na kuruka kichurachura, na waliofanya vizuri wakaandaliwa kwa mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania. Hata hivyo, wenye pumu walilazimishwa kukimbia bila kupimwa, jambo ambalo mzazi aliulizie kabla ya kulipa ada.