Nimetua mzima, wakanipa bili ya kimfuko

Nyota moja kwa hawa warusha watu kwa parachuti. Na hiyo moja si yao, ni ya mzee mmoja nitakayemfikia huko chini.

Juzijuzi hapa, msimu wa ukungu, kilikuja Mufindi kikundi cha kurusha watu kwa parachuti, wakaomba uwanja wa majani katikati ya chai. Mimi ni mtu wa Mafinga, nauza mbao, lakini kuruka nilijifunza Afrika Kusini miaka kadhaa iliyopita na nina miruko 40 na kitu. Kusikia ndege imekuja mpaka nyumbani, usingizi uliniruka. Bei na mengineyo waulizeni wenyewe. Nililonalo ni hili: nilikodi parachuti, nikalipia na kufungiwa, yaani kukunjiwa liingie begini, na aliyefunga hakukoki kiparachuti.

Asiyejua aelewe kwanza. Mwavuli mkuu, yaani parachuti lenyewe, hautoki begini wenyewe. Unatupa kwa mkono kiparachuti kidogo, kinashika upepo, kinavuta utepe, utepe unachomoa pini, begi linafunguka. Sasa ndani ya utepe huo mnapita kamba. Mwavuli ukishafunguka, kamba hiyo hukifanya kile kiparachuti kisinyae ili kisikuburute nyuma. Kwa hiyo kila unapofunga upya lazima uivute irudi mahali pake, kiparachuti kikae tayari, kama unavyokoki bunduki. Kwenye utepe wameweka kidirisha: ukiona rangi, kimekokiwa, usipoona, umebeba leso.

Mimi nilibeba leso.

Tulitoka futi 8,000 juu ya uwanja. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, chai yote chini inang'aa, nikasema moyoni hata leo nikifa, nimeona. (Maneno mengine tusiwe tunayasema.) Futi 4,000 nikatupa kiparachuti. Kimya. Ukitupa vizuri unasikia mabega yananyanyuliwa kama mama amekushika kwa nyuma. Mimi nilisikia kamba tu ikinichapa mgongoni, tap tap tap. Nikageuza shingo, nikakiona kinaning'inia juu yangu kimesinyaa kama puto la jana la harusi.

Kutoka hapo, kwa mwendo ule wa kama kilomita 190 kwa saa, ardhi iko sekunde 22 hivi. Walimu wenyewe hawakubaliani ufanye nini kiparachuti kikikuburuta hivyo bila kufungua begi. Wapo wasemao vuta mwavuli wa akiba, ule wa pili ulio begini, moja kwa moja, usipoteze muda. Wapo wasemao kata mkuu kwanza, yaani uachanishe na mwili wako, maana ukifunguka kwa kuchelewa utakuwa na miavuli miwili inayogombana kichwani. Mimi nilifundishwa kukata, na nikiwa chini nilishafanya hivyo mara mia kwenye mazoezi. Mkono wa kulia, kishikio laini, vuta. Wa kushoto, kishikio cha chuma, vuta. Sikusali hata neno. Watu wanadhani unasali; wapi, mikono ndiyo inayofanya kazi.

Wa akiba ukafunguka kabla sijamaliza kuogopa. Mweupe, mnyoofu, hauna hata kamba moja iliyopinda. Nikatua kwa kishindo, maana kule juu, kwenye mita 1,800 na zaidi, hewa ni nyepesi na mwavuli unakushusha haraka kuliko ungekushusha pwani. Magoti yaliuma wiki nzima.

Sasa ndipo penye hasira yangu. Nafika kwenye turubai lao la kufungia, nimekumbatia vitambaa kama mwenda jalalani, kijana aliyenifungia yuko na simu. Namwambia, mdogo wangu, mwavuli wako haukufunguka. Ananitazama miguu mpaka kichwa: "Si umefika mzima, kaka?" Akarudi kwenye simu. Dada wa mezani ndiye kabisa. Hakusema pole. Alisema, "Kimfuko kiko wapi?"

Kimfuko ni kile ambamo mwavuli wa akiba umekunjwa. Hakijashonewa kwenye mwavuli, kinajitenga na kuanguka popote, ndivyo kilivyotengenezwa. Akaandika bili: kimfuko, na vishikio viwili nilivyovidondosha hewani. Yaani walinifungia ubovu, kisha wananitoza gharama ya kujiokoa na ubovu wao! Nikapandisha sauti, watu wakajaa.

Hapo ndipo alipotokea yule mzee, fundi wa miavuli ya akiba. Mwavuli mkuu hufungwa na yeyote aliyefundishwa, hata wewe mwenyewe. Wa akiba hufungwa na fundi mwenye leseni, akatia uzi mwekundu na lakiri yake juu ya pini. Marekani, kila siku 180 sharti ukunjuliwe na kukunjwa upya hata kama haukutumika. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Lete begi." Akapiga magoti, akauvuta utepe, akaniwekea kidole kwenye kidirisha. Hakuna rangi. Akamtazama yule kijana mpaka simu ikaingia mfukoni. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, kabla ya kupanda ndege, ulikiangalia?"

Sikukiangalia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, rubani anapiga kelele twendeni ukungu unafunga tena, nikapanda. Na kufunga mwavuli najua, nimefunga wangu mara nyingi tu. Nililipia kufungiwa kwa sababu sikutaka kupiga magoti kwenye umande. Basi tuseme nyota mbili. Kijana alikosea, mimi nikalipitisha kosa lake, na mzee wa kampuni hiyohiyo ndiye aliyenirudisha kwa wanangu.

Lakini bili hawakuifuta! Nimelipa, risiti ninayo. Narudi kwenye moja.

Nikiwa nawasha pikipiki nikamwona mama mmoja mchuma chai, kapu mgongoni, anakuja taratibu na kitu mkononi.

"Kamwene, kaka. Ni wewe uliyeanguka?"

"Kamwene, mama. Sikuanguka, nilitua."

"Haya. Basi kilichoanguka ni hiki."

Kimfuko chenyewe, na utepe wake wote, hakina hata tundu. Nilimpa mama hela ya sukari. Yule dada wa mezani alikiona kwa mbali akaanza kuniita kwa jina, sauti tamu ghafla, "Kaka, kaka, tukirudishie stoo." Nikatia gia. Kimetundikwa mlangoni dukani kwangu, kati ya misumari na bei za mbao. Wakikitaka waje na hela yangu.