Nililipa elfu nne na mia tano kwenda kuangalia geti

"Si lazima wamalize."

Maneno hayo niliyasikia kwenye spika ya simu ya kijana aliyekuwa akituongoza, kilomita ya 11, jasho likinikaukia mgongoni, mbele yangu geti la chuma lenye kufuli kubwa kama mkate wa nusu. Aliyeyasema ni mwanadada wa ofisi iliyotuuzia mbio hizo. Hakujua tunamsikia. Ama alijua. Nimeliwaza sana hilo, na bado sijaamua lipi linaniudhi zaidi.

Hii ni tathmini ya mbio hizo, nyota ziko mwishoni, lakini jina la kampuni nalimeza. Sitaki barua ya wakili kwa sababu ya geti.

Mimi ni mkimbiaji wa Jumamosi. Nakimbia msitu wa Karura, nakimbia Ngong Road alfajiri kabla matatu hazijaamka, na mara moja kwa mwaka najitafutia mahali ambapo pumzi yangu haitachanganyika na moshi wa dizeli. Mwezi jana, au ule uliotangulia, nikaona tangazo: kilomita 18 kandokando ya Ziwa Naivasha, kutoka Kongoni hadi Kamere, mbio za kufurahia mandhari, hakuna medali wala saa, mnakimbia na kiongozi anayejua historia. Na sehemu iliyonivuta hadi nikatuma pesa kabla ya kumaliza kusoma: "kupitia shamba la kihistoria la walowezi, njia isiyofunguliwa kwa kila mtu."

Hilo la mwisho, kumbe, walisema ukweli mtupu.

Ili nisionekane nimeenda na hasira zangu kutoka nyumbani, kilomita kumi za kwanza zilikuwa tamu. Tamu kabisa. Tulikuwa watu sita, tukaanza jua limeshachomoza, kwa sababu kijana alikataa katakata kutuondoa gizani. Usiku viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na akasema hataki kumpigia mtu simu kumweleza kwamba dada yake amekutana na kiboko akirudi nyumbani. Tulipita upande wa Oloidien, ile iliyokuwa ghuba tu ya ziwa kubwa, maji yalipopungua ikajitenga ikawa na magadi yake. Sasa mambo yamegeuka, maji yamepanda miaka hii na kumeza ufuko, na migunga ile ya shina la manjano imekufa ikiwa wima ndani ya ziwa, matawi meupe, kila tawi na mnandi wake anakausha mabawa. Nilisimama. Sikutaka kusimama, saa yangu ilikuwa inahesabu, lakini nilisimama. Ng'ambo kule volkano ya Longonot imekaa na kofia yake ya wingu.

Naivasha iko juu kidogo kuliko Nairobi, mita 1,880 hivi toka usawa wa bahari, kwa hiyo mwenzangu aliyekuwa akilalamikia hewa alikuwa analalamikia chipsi za usiku.

Na kijana, nimpe haki yake, historia anaijua. Alitusimulia jinsi ndege za abiria za Imperial Airways zilivyokuwa zikitua juu ya maji ya ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1930, safari kutoka Uingereza, watu wanashuka na kofia zao kama wanashuka feri ya Likoni. Alitueleza kuhusu Djinn Palace, lile kasri jeupe alilojenga mlowezi Ramsay-Hill, ambalo baadaye likawa makao ya Lord Erroll, mlowezi mwenzake, yule aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari nje kidogo ya Nairobi mwaka wa 1941. Hilo kasri hatukuahidiwa, na yeye alilisema wazi: ni mali ya watu, hatupiti. Shamba letu lilikuwa jingine, dogo, lenye nyumba ya mawe na barabara ya vumbi iliyopandwa miti pande zote mbili hadi ziwani. Picha yake ndiyo ilikuwa kwenye tangazo. Kilomita tatu nzima ndani ya hiyo miti. Nilikuwa nimezihesabia kichwani wiki mbili.

Basi geti.

Soja alikuwa mzee wa Kimaasai ndani ya koti la kampuni ya ulinzi lililomzidi mikono. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai kwenye kifuniko cha thamosi. Hakusimama. Akatuangalia sita wote, viatu vya rangi za peremende, chupa za maji viunoni, halafu akamuuliza kijana, si sisi: "Hawa wanakimbia nini?"

"Mazoezi, mzee."

"Rudini mlikotoka."

Nilipandwa. Nikasema vitu ambavyo leo nikivikumbuka natazama chini. Nilimwambia nimelipa. Nilimwambia ampigie mkubwa wake simu. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba yeye ni wa kufungua tu, si wa kuamua. Mzee akanywa chai. Akasubiri nimalize kama mtu anayesubiri mvua ipite chini ya mti. Kisha akainama, akatoa chini ya ndoo kile kitabu cha geti, kilichokunjika kwa unyevu, akalowesha kidole, akafungua ukurasa na kunishikisha.

Jumamosi tatu mfululizo. Tarehe, saa, idadi ya watu, na mbele ya kila mstari, kwa mwandiko uleule wa pole wa kalamu ya bluu: WAKIMBIAJI, WAMERUDISHWA. Chini ya mstari wa kwanza ameongeza: OFISI YAO IMEAMBIWA. Na sahihi ya mtu wa ofisi yao aliyekuja kuambiwa.

Yaani walijua. Walijua kabla hawajapokea pesa yangu.

Hapo ndipo kijana alipopiga simu, akiwa amekwisha rangi, na hapo ndipo spika ikatuletea yale maneno. Kwanza mwanadada akasema tutumie njia mbadala. Njia mbadala ni lami ya Moi South Lake Road, na lori za maua, na matatu za Kongoni zinazokimbilia abiria, na bega la barabara ambalo upana wake ni wa mbuzi mmoja. Kijana akamwambia kwa adabu kwamba wateja hawakulipia lami. Ndipo: "Si lazima wamalize."

Mtu asiyekimbia hawezi kujua neno hilo linaingilia wapi. Ningeambiwa pesa hazirudi, ningekasirika kawaida. Ningeambiwa shamba limeuzwa, ningeelewa. Lakini kuambiwa nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeachiwa wali nusu sahani! Nimemaliza mbio nikiwa na kucha imeng'oka. Nimemaliza mbio siku tatu baada ya matanga. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi mjini, na chai yake, anaamua kwa niaba yangu kwamba si lazima.

Na lile tangazo, nilipolisoma tena usiku ule, nikaona kitu ambacho furaha ilikuwa imenificha. Waliandika kwamba walowezi "walikuta nyika tupu". Tupu? Hata jina la ziwa ni la Wamaasai, maji yanayochafuka. Walikuwepo hapa na ng'ombe wao hadi mkataba wa 1904 na Waingereza ulipowahamisha, wengine Laikipia, wengine kusini. Halafu mimi, na viatu vyangu vya elfu kumi na mbili, nikamfokea mzee wa watu hao kwenye geti, kuhusu haki yangu ya kupita. Sitaki kulikuza hilo. Nalitaja tu kwa sababu lilininyima usingizi kuliko zile pesa.

Tulipokuwa bado tumesimama, zamu ya jirani ikawa inatoka, kina mama wa shamba la maua, gambuti miguuni, leso kichwani, wengine bado na glavu mfukoni. Mmoja akauliza mbona tumenuna. Kijana akaeleza. Akauliza tena, kwa uso mkavu kabisa: "Na mkikimbia hivi mnalipwa ngapi?"

"Tumelipa sisi," nikasema.

Walicheka hadi mmoja akashika ua wa waya, akakumbuka kwamba una umeme, akauachia, wakacheka upya. Mama yule wa kwanza akafuta machozi na kutuonyesha kwa kidevu: nyuma kidogo, baada ya mkuyu, kuna korido ya umma, njia ya ng'ombe na wavuvi, inashuka kati ya mashamba mawili hadi majini. Haina geti. Haijawahi kuwa na geti.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuniharibikia.

Korido ile ina upana wa gari moja. Kushoto ua wa umeme unatoa ule mlio wa tik, tik; kulia ukuta wa majani. Kinyesi cha ng'ombe, kinyesi cha kiboko, na tope lenye nyayo za kiboko zilizojaa maji, kila unyayo kama sufuria. Kijana alikuwa mbele anapiga makofi na kuimba kwa sauti mbaya ili mnyama asishtukizwe. Kisha pale chini ukuta unakwisha kwa ghafla na ziwa lote linakuwa mbele yako, limetulia, mitumbwi miwili, harufu ya samaki na matope. Tukafuata ukingo, tukatoka, tukaingia tena, tukapita karibu na Elsamere, ile nyumba ya Joy Adamson aliyemlea simba Elsa, na juu ya miti mbega weusi kwa weupe walikuwa wakirukaruka na mikia yao kama matamvua ya shuka. Mmoja alitudondoshea kitu. Sikuuliza ni nini.

Dakika arubaini zile ni bora kuliko mbio zozote nilizowahi kukimbia, zile za medali zikiwemo. Na hazikuwa za kampuni. Zilikuwa za mama wa gambuti. Kwa hiyo nyota nampa nani?

Nilimaliza. Kilomita 19 na kidogo, si 18. Pale Kamere tukakaanga samaki, kijana akataka kulipa kutoka mfukoni kwa aibu, tukamkatalia. Nilipodai pesa zangu ofisi ikanijibu kwamba "huduma ilitolewa kwa kiasi kikubwa". Wiki iliyofuata wakanirudishia mia tisa kwenye simu, bila neno. Mia tisa! Nimejaribu kuigawanya kila namna nione ni bei ya nini. Nadhani ni bei ya zile kilomita tatu za miti, kwa hesabu ya mtu ambaye kwake si lazima kumaliza.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nikafuta nikaweka tatu, kwa ajili ya ile migunga ndani ya maji. Nikakumbuka kitabu cha geti na ile sahihi, nikarudisha moja. Ibaki moja. Lakini asiache mtu kwenda Naivasha kwa sababu yangu, nitakuwa nimemkosea. Aende tu, ila asinunue picha ya geti.

Juzi kijana amenitumia ujumbe. Ameacha kazi kule, anataka kuanza kupeleka watu mwenyewe kupitia korido, elfu moja na mia tano, samaki juu yako. Ameniuliza kama nina la kumshauri. Nimemwambia anipangie Jumamosi, na kwamba tutapita kwanza pale getini, nina thamosi ya chai ya kupeleka.