Hemi 'Cuda au Chevelle LS6 ya 1970?
Kwa mkusanyaji wa magari ya zamani ya Marekani, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1970 (Hemi ni jina la injini yake) na Chevrolet Chevelle SS ya mwaka huohuo yenye injini ya LS6 ni washindani wa kweli. Kiwandani Chevelle ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 450 dhidi ya 425 za Hemi, ingawa takwimu za enzi zile si za kuaminiwa sana. Jambo zito ni uthibitisho kwamba gari lilitoka kiwandani na injini hiyo: herufi ya tano katika namba ya chasisi ya 'Cuda ni R, alama ya Hemi, ilhali namba ya Chevelle haiitaji LS6 kabisa, hivyo mnunuzi hutegemea karatasi za kiwandani, zikiwa bado zipo. Hemi ni adimu na ghali zaidi. Anayetaka kuliendesha gari lake, ningemshauri Chevelle, kwani kabureta yake moja ni rahisi kurekebisha kuliko mbili za Hemi.