Redio ya Android ya inchi 9 kwenye Toyota Fielder: uzoefu wangu

Gari ni Fielder NZE141, iliyokuja na redio yake ya Kijapani yenye skrini. Skrini inadai kadi ya ramani ya Japani, maandishi hayasomeki, na FM inaishia 90. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niing'oe. Redio za magari ya Japani ya miaka ile zilitengenezwa kupokea megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vimetawanyika mpaka 108. Ukiwa Dar utaipata Wasafi ya 88.9, lakini EFM ya 93.7 haimo kabisa.

Wengi huishia kwenye ekspanda, kile kiboksi kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kinashusha masafa, mara nyingi kwa megahezi 12, kwa hiyo EFM unaitafuta kwenye 81.7. Kinafanya kazi, ila muuzaji hakwambii kwamba kwa mshusho huo kila kituo kilicho juu ya 102 kinabaki nje, wala kwamba kituo chenye nguvu cha hapo hapo mjini hupenya na kukaa juu ya kile kilichoshushwa. Kama redio yako ni ile ya vitufe na una vituo viwili vitatu unavyovipenda, ekspanda inatosha, usitupe hela. Ya skrini ni bora ing'oke. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga betri ikitolewa na kuomba namba ya siri, na hapo ekspanda haina la kukusaidia.

Niliyofunga ni ya Kichina, inchi 9, prosesa UIS7862 yenye koa (viini) nane, RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Usinunue kwa kusoma boksi. Kwenye soko hili programu huchezewa ili ukurasa wa mipangilio uonyeshe RAM na toleo la Android visivyokuwepo. Njia rahisi ya kumbana muuzaji ni kuomba aiwashe dukani, ufungue ramani huku muziki ukicheza, halafu uweke kamera ya nyuma. Yenye koa nne na RAM 1 au 2 itagandaganda hapo hapo. Hifadhi unaipima kwa kunakili mafaili makubwa kutoka kwenye flashi: ya uongo hujaa mapema au mafaili hayafunguki.

Fremu ni kitu cha kuulizia kabla ya redio yenyewe. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi ni milimita 200 kwa 100, wakati redio za kawaida za DIN mbili (kipimo cha kimataifa cha redio za gari) zina upana wa kama 178, ndiyo maana huja na vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Ya inchi 9 haiingii kwenye nafasi hiyo, inakaa juu yake, kwa hiyo lazima iwe na fremu ya gari lako hasa. Fremu ya Fielder ya kizazi kingine haikubali, hata fundi akiahidi kuikwangua.

Kuifungua si kazi ngumu. Vuta hendibreki, shusha gia mpaka chini upate nafasi, kisha toa terminali hasi ya betri na usubiri sekunde 90 ili mfumo wa eabegi umalize chaji. Pembe za plastiki zinazozunguka redio zimeshikwa na klipu tu: tumia kipande cha plastiki, si bisibisi, na vuta kwa kuanzia pembeni. Gari likiwa limekaa juani klipu zinalegea, asubuhi ya baridi ya Mbeya zinakatika. Redio imeshikwa na nati nne za spana namba 10. Chomoa soketi zote kabla ya kuivuta mbele kabisa, hasa ile ya swichi ya hazadi kama imo kwenye plastiki unayoitoa.

Sasa kwenye nyaya, ambako kazi nyingi huharibikia. Toyota hizi zina soketi ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 yenye spika za nyuma. Soketi za kuunganishia zinauzwa bei ndogo Kariakoo, Dar, na Kirinyaga Road, Nairobi, na nyingi huja ndani ya boksi la redio. Fundi akitoa kisu ili akate soketi ya gari, mkatalie. Ukikata, kila redio itakayofuata itategemea kumbukumbu ya fundi aliyekata.

Hata ukiwa na soketi, pima kwa multimita. Upande wa Toyota, waya wa bluu na mstari wa njano una volti 12 muda wote, wa kijivu unapata umeme ufunguo ukiwa ACC (hatua ya kabla ya kuwasha injini), wa kahawia ni athi (hasi, inayoungana na bodi), wa kijani unawaka na taa. Upande wa redio, njano ni ya muda wote, nyekundu ni ACC, nyeusi ni athi. Nyekundu na njano zikiunganishwa pamoja redio itawaka vizuri, ila haitazimika, na betri italala. Zikibadilishana, itasahau vituo na saa kila ukizima gari. Hasi za spika zisiguse bodi ya gari wala zisiunganishwe zenyewe kwa zenyewe: ampilifaya ya ndani inasukuma pande zote mbili za spika, na kugusisha athi kunaweza kuiua.

Tatizo linalolalamikiwa kuliko yote ni FM dhaifu, na kwa kawaida kosa si la redio. Antena zilizochorwa kwenye kioo zina busta yake (kikuza mawimbi), na busta inahitaji volti 12 kutoka kwenye waya wa bluu ulioandikwa ANT. Mafundi wengi huuacha ukining'inia. Uunge, utaona tofauti papo hapo. Kisha ingia mipangilio ya kiwanda (namba ya siri huwa 8888 au 126, muuzaji anaijua) na uchague eneo la Ulaya. Ukiacha Marekani, redio inaruka hatua za kilohezi 200 na kutua kwenye desimali witiri pekee. Kituo cha 98.4 hutakipata sawasawa. Bado ikikwaruza, chomoa chaja ya simu na kamera ya dashibodi kimoja kimoja; chaja za bei rahisi zinatoa kelele nyingi kwenye FM.

Kuhusu sauti, boksi limeandikwa 45W mara 4. Piga hesabu: ampilifaya ya aina hii isiyopandisha volti, kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, haiwezi kuzidi takriban wati 26 za wimbi safi, na kabla ya kufika huko imeshaanza kupasua sauti. Hesabu 15 hadi 20. Kwa spika za kiwandani inatosha, kwa sabufa weka ampilifaya yake. Kwa sauti peke yake, Pioneer ya DIN mbili inaishinda hii. Android inashinda kwa skrini, ramani na kamera.

Kamera nayo ina mitego. Waya ulioandikwa BACK unaungwa kwenye chanya ya taa ya rivasi. Skrini ikiwa nyeusi, usikimbilie kununua kamera nyingine: angalia kwanza kama mipangilio imewekwa CVBS wakati kamera ni AHD, au kinyume chake (hizo ni aina mbili za mawimbi ya picha). Na kama gari lina kamera ya Toyota yenyewe, nyingi zinatumia volti 6. Ukiipa 12 moja kwa moja inaungua. Weka kipunguza volti.

Maiki ya ndani ni mbovu, upande wa pili wa simu wanasikia mwangwi. Nunua ya nje na uifunge juu ya safu ya usukani.

La mwisho ni betri. Redio hizi huwaka upesi kwa sababu hazizimiki, zinalala. Gari likikaa wiki bila kuendeshwa, badilisha mpangilio izime kabisa, hata kama kuwaka kutachukua nusu dakika. Ukiwa na shaka, funga gari, subiri kama dakika 20, weka multimita, ikiwa kwenye kipimo cha ampia, kati ya terminali hasi na waya wake uliotolewa. Ikizidi miliampia 50, chomoa soketi ya pini 10: ikishuka, mwizi ni redio, isiposhuka, tafuta kwingine.