Great Allegheny Passage: reli ya zamani, njia safi ya baiskeli

Anayepanga njia ya baiskeli juu ya tuta la reli aitazame hii: kilomita 240 kati ya Pittsburgh na Cumberland, Marekani. Treni haipandi milima mikali, hivyo mwinuko kwa sehemu kubwa hauzidi asilimia 1. Anzia Pittsburgh, kwani ukitokea Cumberland utapanda kilomita 38 mfululizo hadi mita 729 juu ya usawa wa bahari, ukipita handaki la Big Savage, ambalo hufungwa majira ya baridi.

Juu wamemwaga kokoto laini za chokaa. Ni nafuu kuliko lami, lakini mvua ikinyesha hulainika, na tope lake la kijivu huganda kwenye mnyororo na kula gia. Tairi nyembamba huzama. Funga za milimita 35 au zaidi. Kila jioni futa mnyororo, ukauke, ndipo utie oili.